Banda la karantini na kichaa cha mbwa: tuache kuulizana dawa ya kupuliza, tuulizane kuta na hesabu ya siku

Msimamizi wa Banda

Wakuu salaam,

Naona watu wengi wanafungua mabanda ya kutunza mbwa siku hizi. Kuna wanaopokea mbwa wanaosubiri makaratasi ya safari, kuna wanaoletewa mbwa wa kuangaliwa baada ya kuuma mtu, na kuna wanaochanganya hao wote na mbwa wa wateja waliokwenda likizo. Maswali yanayonifikia karibu yote ni hilo hilo: "Mkuu, nipulize dawa gani kichaa kisienee?" Naweka uzi hapa nisiwe najibu mmoja mmoja. Mimi ni mtu wa mabandani, si daktari. Madaktari wa mifugo wamo humu, watasema nikipotoka.

Nianze na hiyo dawa, maana jibu lake ni fupi. Kirusi cha kichaa cha mbwa kikishatoka nje ya mwili ni dhaifu. Sabuni inakivunja, jiki iliyozimuliwa inakiua, spiriti ya asilimia 70 inakiua, jua na ukavu vinakimaliza. Sugua sakafu kwa sabuni, suuza, mwagia jiki, acha ikauke. Basi. Mtu akikuletea dumu la bei mbaya akikwambia ni "dawa maalumu ya kichaa", muulize inaizidi nini sabuni ya kipande. Ugonjwa unaong'ang'ania sakafuni ni parvo, ule wa kuharisha watoto wa mbwa, na hiyo ni mada yake.

Kichaa kinakaa kwenye mate. Na mate peke yake hayatoshi, yanataka jino, au mchubuko, au jicho, au mdomo wa mwingine. Kwa hiyo anayejenga banda la karantini ajiulize kitu kimoja tu kwa kila chumba: mdomo wa mbwa huyu unaweza kufika wapi?

Ukijiuliza hivyo, wavu unaanguka palepale. Mbwa wawili waliotengwa kwa wavu hawajatengwa. Wananusana pua kwa pua, wanalambana, na wakigombana kupitia matundu mmoja anabaki na ufizi uliochanika. Kati ya chumba na chumba jenga ukuta wa tofali uliopigwa plasta, urefu wake uzidi mbwa mkubwa akisimama kwa miguu ya nyuma. Juu ya hapo weka wavu mpaka kwenye paa, hewa ipite. Na ukuta ufike chini kabisa! Nimeshaona banda zuri la pesa nyingi ambalo fundi aliacha upenyo wa vidole vinne chini ya kila ukuta "ili maji yapite". Mbwa wakilala mchana kwa joto, pua zote ziko kwenye ule upenyo, kila mmoja anapumulia kwa jirani. Maji yatoke mbele, kila chumba kimwage mfereji wake, yasipitie kwa mwenzake.

Mlango uwe wa pili baada ya wa kwanza. Maana yake ukitoka chumbani kwa mbwa unaingia kwenye ujia uliofungwa, siyo uwanjani. Mbwa akikuponyoka miguuni anaishia kwenye ujia. Nje ya banda zima weka uzio mwingine, uache nafasi kati yake na ukuta, kwa sababu mbwa koko wa mtaa huja usiku kunusa, hasa kukiwa na jike lililo kwenye joto. Nguchiro na mbweha nao wanaugua kichaa, wasipuuzwe na wenye mabanda ya pembezoni. Paka wa jikoni anayepita juu ya kuta zote akidokoa mabaki ya chakula pia ahesabiwe. Huyo anaingia kila chumba bila kibali.

Sasa hesabu ya siku. Hapa ndipo mabanda mengi yanaharibu hata yakiwa na kuta nzuri.

Mbwa aliyeng'atwa anaweza kukaa wiki tatu mpaka nane akiwa mzima kabisa, wakati mwingine siku kumi tu, wakati mwingine miezi. Kirusi kinapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, na wakati wote huo hakuna kipimo cha kumpima akiwa hai ukawa na uhakika. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linahesabu miezi 6 kuwa ndiyo muda wa ugonjwa kujificha. Kirusi kikishafika kwenye ubongo kinashuka kwenye tezi za mate, na kinaweza kuanza kutoka kabla hujaona dalili yoyote. Shirika hilo hilo linahesabu siku 10 kabla ya dalili ya kwanza.

Chukua mfano. Mbwa wa kwanza kaingia Januari, anatakiwa kutoka Julai. Mwezi Mei chumba cha pembeni anaingia mgeni, kati yao kuna wavu. Mgeni anaanza kuugua mwezi huo huo wa Mei. Yule wa Januari amebakiza muda gani? Miezi miwili? Hapana. Anaanza sifuri, tangu siku ya mwisho waliyogusana. Na kama hukuandika nani alikaa karibu na nani, mstari mzima unaanza sifuri, na wewe unaanza kuwapigia simu wenye mbwa.

Ndiyo maana nasema karantini inahesabiwa kwa mbwa, haihesabiwi kwa banda. Na ndiyo maana mbwa anachanjwa siku ile ile anayoingia. Watu wanadhani ile chanjo ni ya kumtibu kama alishaambukizwa huko alikotoka. Haitamsaidia, kama kirusi kimeshatangulia huenda akaugua vilevile. Ile chanjo ni ya kumlinda na jirani yake. Na bado inahitaji kama wiki nne kujenga kinga, kwa hiyo mwezi wa kwanza ndio wa kuwa macho zaidi.

Karibuni.

Bint Kigamboni

Shukrani kwa uzi, mkuu. Naomba kueleweshwa. Mbwa wetu kamuuma mtoto wa jirani kwenye paja, si sana lakini damu ilitoka. Afisa mifugo kasema afungwe siku 10. Sasa nasoma hapa miezi 6, nimechanganyikiwa. Ni 10 au ni 6? Na jirani anasema atasubiri hizo siku 10 ziishe ndiyo aamue kama ampeleke mtoto hospitali. Mbwa tumemfunga nyuma ya nyumba kwa mnyororo.

Daktari wa Mabonde

Bint Kigamboni, kabla ya mengine yote: mtoto aende leo. Asisubiri mbwa. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, tumia saa, maana dakika 15 za kukisia huwa ni tatu. Kipakwe ayodini kama ipo. Kisha hospitali, aanze chanjo. Kama ngozi ilitoboka na damu ikatoka, hilo ni daraja la tatu la jeraha, lile la hatari zaidi. Pamoja na chanjo anatakiwa kupewa kinga ya moja kwa moja inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Si kila kituo kinazo hizo dawa, kwa hiyo pigeni simu kwanza, msizunguke na mtoto kutoka zahanati hadi zahanati. Mbwa akimaliza siku 10 mzima, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki, kama zipo. Lakini kuanza ni leo. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba.

Kuhusu siku: hayo ni maswali mawili tofauti. Siku 10 zinauliza, "Je, siku aliyouma, mate yake yalikuwa na kirusi?" Kama yalikuwa nacho, ina maana ugonjwa ulishafika kwenye ubongo, na mbwa huyo ataonyesha dalili na kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima siku ya kumi, mtoto hakupata kichaa kwa lile jino. Miezi 6 inauliza kitu kingine: "Je, mbwa huyu aliambukizwa huko nyuma, akaja kuugua baadaye?" Hilo linamhusu mbwa aliyeng'atwa na mwenye kichaa, au anayehamia nchi isiyo na ugonjwa.

Na ndani ya hizo siku 10 msimchanje mbwa. Najua mtu atawaambia mchanjeni upesi. Akichanjwa akapata homa au akachechemea kutokana na sindano, hatutajua tunaangalia nini. Achanjwe siku akifunguliwa.

Mnyororo nyuma ya nyumba si karantini. Watoto wa mtaa watamfuata kumchokoza, na koko watamfikia. Mwekeni kwenye chumba au banda lenye mlango na kofuli, mtu mzima mmoja ndiye ampe chakula, kwa bakuli linalosukumwa chini ya mlango.

Nikuongezee na wewe Msimamizi jambo moja ambalo nalirudia kwa kila mhudumu. Mbwa wengi wenye kichaa hawaji wakibweka na povu. Kuna aina ya kimyakimya: mbwa kapoa, kajificha pembeni, sauti imebadilika imekuwa kama ya kukwama, taya la chini limelegea, udenda unachuruzika, anashindwa kumeza maji. Mhudumu anaangalia anasema, "Huyu kakwamwa na mfupa kooni." Anaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Hapo ndipo watu wanapoambukizwa, tena ni watu wenye huruma. Mbwa wa karantini aliyelegea taya asiguswe na mkono wa mtu. Funga mlango, piga simu.

Koko Mstaarabu

Sasa nyie mnahangaika na matofali na plasta ya nini? Mbwa akiuma apigwe risasi, kazi imekwisha, serikali isafishe mitaa. Na mimi nilisikia kikishaingia bandani kinaenda kwa hewa, wote mnavuta. Banda lenyewe lichomwe.

Msimamizi wa Banda

Koko Mstaarabu, jina lako na maoni yako havipatani hata kidogo.

Kwa hewa, hapana. Visa vinavyotajwa vya namna hiyo ni vya kwenye mapango yaliyojaa mamilioni ya popo na ndani ya maabara. Banda lako la vyumba vinane pale mtaani si pango.

Risasi nayo: ukimpiga mbwa aliyeuma mtu siku ile ile, umemnyima daktari zile siku 10 za kumwangalia. Ukimpiga kichwani ndio umeharibu kabisa, maana kipimo kinafanyika kwenye ubongo. Mbwa akifa akiwa chini ya uangalizi, kichwa ndicho kinachokwenda maabara, kikiwa kwenye ubaridi wa barafu, hakigandishwi wala hakitiwi formalini kama hujaambiwa. Bara tuna Wakala ya Maabara ya Veterinari, makao yake Temeke. Kichwa akitoe mtu aliyechanjwa, avae glavu nene, miwani na barakoa. Siyo kijana wa bustani na panga! Mzoga uliobaki unachomwa au unafukiwa kina kirefu, mbwa wengine wasije wakaufukua.

Na kuua mitaa mizima kumeshajaribiwa. Kisiwa cha Flores kule Indonesia hakikuwa na kichaa mpaka 1997, wavuvi walipoingia na mbwa kutoka upande wa Sulawesi. Waliua mbwa kwa maelfu kwa maelfu, ugonjwa ukabaki. Watu walificha mbwa wao, wengine wakawahamishia vijiji ambavyo havijafikiwa na wauaji, na kirusi kikasafiri nao. Kinachokata mnyororo ni kuchanja, angalau mbwa 70 kati ya kila 100, mwaka hadi mwaka.

Mpemba wa Wete

Hayo ya kisiwa yamenigusa, maana ya kwetu yanafanana, ila yana mwisho mwema.

Pemba kichaa kilikuwepo. Wakaja na kampeni za kuchanja mbwa, watu wakacheka mwanzo, mbwa wenyewe kwetu si wengi na wengi wetu hatuwagusi. Ikafika 2014 kikatoweka. Watu wakalegea. Mwaka 2016 kikarudi, na walipochunguza vinasaba vya kirusi wakaona kuwa kimeingia mara mbili kutoka nje ya kisiwa. Ikabidi kuchanja upya kisiwa kizima, na mwaka 2018 kikaisha tena.

Hapo ndipo mie nnapowauliza nyie wa mabanda. Kisiwa kimezungukwa na bahari pande zote, na bado mbwa wawili wagonjwa wametosha kuturudisha nyuma miaka. Aliyewaleta hakuja na mbwa anayeuma. Kaja na mbwa mzima, anatingisha mkia, kampandisha chomboni kama mzigo mwengine. Bandari ina mtu wa kuangalia karafuu zisitoroshwe, je, wa kuangalia mbwa anashuka na cheti gani?

Mtoka Leicester

Mpemba umenena. Huku Uingereza nako ni kisiwa, na historia yao ya karantini inaeleza vizuri kile alichosema mleta uzi kuhusu hesabu ya siku.

Walianza kuzuia mbwa wa nje mwishoni mwa miaka ya 1890, na kufikia 1902 kichaa kikawa kimekwisha nchini. Kikarudi 1918, wanajeshi waliporudi vitani na mbwa waliowapenyeza kinyemela. Mpaka 1922 ndipo wakakimaliza tena. Tangu hapo sheria ikawa miezi 6 ndani, hakuna mjadala, awe mbwa wa balozi au wa baharia.

Halafu 1969, pale Camberley. Mbwa mmoja mdogo aitwaye Fritz kaletwa kutoka Ujerumani, kakaa miezi yake 6 yote karantini, kaachiwa mzima. Siku chache tu baadaye akaanza kuuma watu. Kichaa. Nchi nzima ikatikisika. Mwaka uliofuata, Newmarket, mbwa mwingine, huyu katoka Pakistani, naye kamaliza karantini, miezi kama mitatu baadaye kaugua kafa. Ikaundwa kamati chini ya mwanasheria Ronald Waterhouse, taarifa yake ikatoka 1971.

Ukimfikiria Fritz unabaki na maelezo mawili. Ama kirusi kilijificha mwilini zaidi ya miezi 6, jambo ambalo hutokea mara chache. Ama aliingia mzima akaambukizwa mle mle ndani. La pili ndilo la kutisha, kwa sababu miezi 6 inakuwa imepotea bure: mbwa anatoka siku yake ikifika, cheti kimegongwa muhuri, na ugonjwa ameupata wiki chache tu zilizopita. Baada ya hapo chanjo wakati wa kuingia karantini ikawa lazima, na mkazo ukawekwa mbwa wasigusane. Mwaka 2000 wakalegeza, mbwa mwenye chipu (kidude chenye namba ya kumtambulisha), chanjo na kipimo cha damu kutoka nchi walizozikubali anaingia bila kufungwa.

Lakini mabanda yale hayakuwa kazi bure. Aprili 2008 kijibwa kilicholetwa kutoka Sri Lanka kiliugua kichaa kikiwa bado kwenye banda la karantini. Watu waliong'atwa wakajulikana, wakatibiwa, na ugonjwa haukutoka nje ya geti. Kingekuwa kwenye sebule ya mtu mjini ingekuwa habari nyingine.

Jirani wa Makueni

Na sisi wa Kenya tuseme kidogo. Nina dada yangu Houston, anataka kuja kumchukua mbwa wa mama aliyeachwa hapa. Ameambiwa kuna masharti mapya Marekani. Mwenye kujua anisaidie. Mbwa amechanjwa, ana kadi ya kijani ya daktari wa mtaa. Je, akifika huko atafungiwa?

Daktari wa Mabonde

Jirani, kadi ya kijani peke yake haitoshi. Tangu Agosti 1, 2024 Marekani inataka kila mbwa anayeingia awe ametimiza miezi 6 na awe na chipu chini ya ngozi. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo kwenye orodha yao ya nchi hatari kwa kichaa. Kwa hiyo aliyechanjwa huku anahitaji fomu iliyothibitishwa na daktari wa mifugo wa serikali, na nafasi iliyowekwa mapema kwenye moja ya vituo walivyovisajili, ambako atakaguliwa na kuchanjwa tena. Kama ana majibu ya kipimo cha damu yanayokubalika, anatoka akishakaguliwa. Kama hana, anakaa humo karantini siku 28, na gharama ni ya mwenye mbwa. Ulizeni bei kabla ya kukata tiketi.

Kipimo hicho cha damu kinapima kiasi cha kinga. Nchi nyingi zinataka angalau uniti 0.5 za kimataifa (IU) kwa mililita. Hawaii, ambako kichaa hakijawahi kuweka makao, mbwa asiye na makaratasi anakaa siku 120. Mwenye chanjo mbili, chipu, kipimo na muda wa kusubiri uliotimia anaweza kuchukuliwa uwanja wa ndege siku hiyo hiyo. Utaratibu ni huo huo kila mahali: ile miezi inaliwa nyumbani kwako badala ya bandani kwao.

Kosa ninalolikuta sana: mbwa anachanjwa kwanza, chipu inawekwa baadaye. Hapo chanjo haihesabiki kwa nchi nyingi, kwa sababu hakuna cha kuonyesha kuwa aliyechanjwa siku ile ndiye huyu. Chipu kwanza, isomwe kwa kifaa, namba iandikwe kwenye kadi, ndipo sindano.

Jirani wa Makueni

Asante sana Daktari. Kwa hiyo tuanze upya. Mama atanuna lakini tutafanya.

Bint Kigamboni

Mtoto ameshachomwa ya kwanza, tumeambiwa arudi siku ya 3 na siku ya 7. Tumegawana gharama na jirani, uhusiano umepoa kidogo angalau. Mbwa tumemhamishia stoo. Daktari Mungu akubariki.

Kijana wa Zamu

Wakuu, mimi nafanya kazi kwenye banda moja, sitalitaja. Tajiri anasema wahudumu tusiwe waoga, chanjo ni ya mbwa. Tupo wawili kwa mbwa wote, ndoo moja, fagio moja, fimbo moja ya kitanzi ya kukamatia. Sina mamlaka ya kujenga kuta. Niliye chini nifanye nini?

Msimamizi wa Banda

Kijana, swali lako ndilo nilikuwa nalisubiri, kwa sababu kuta zinajengwa na tajiri lakini ugonjwa unabebwa na zamu.

La kwanza ni la tajiri, mwonyeshe hapa kama atakubali kusoma. Anayeshika mbwa wa karantini anachanjwa kabla, siyo baada ya kung'atwa. Shirika la Afya Duniani linataka sindano siku ya kwanza na nyingine baada ya wiki moja, basi. Aliyechanjwa hivyo akija kung'atwa anaosha kidonda vilevile na kupata sindano mbili tu, siku ya kwanza na nyingine siku tatu baadaye, na ile kinga ghali ya kuchomwa kwenye kidonda haihitaji. Tajiri akipiga hesabu ya mhudumu mmoja aliyeng'atwa bila chanjo, ataona kuwa uoga wenu ni rahisi kwake.

Mpaka hapo atakapokubali: usiingie chumba chenye mbwa aliyeuma mtu au mwenye dalili. Hata kama umezoeana naye. Mhudumu asiyechanjwa ashike upande wa mbwa wa likizo tu.

Vyombo: fimbo ya kitanzi ndiyo mbaya kuliko ndoo na fagio. Kamba yake inapita shingoni na mdomoni, mbwa wanaing'ata wakikamatwa, inabaki na mate mabichi, dakika hiyo hiyo inaingia kwenye mdomo wa mwingine aliyechubuka. Ioshwe kwa sabuni kila inapotumika, ianikwe juani, na kama mna uwezo wa kununua ya pili, hiyo ya pili iwe ya upande wa karantini isivuke. Bakuli kila chumba liwe na lake, likwanguliwe namba kwa msumari, rangi inafutika.

Kama kuta ni za wavu na huna mamlaka, mabati yaliyotumika yanatosha kuanzia. Yafunge kwa waya kwenye wavu, kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa cha mbwa, upande wenye ncha kali uelekee nje. Kama bati hazitoshi, acha chumba kitupu kati ya mbwa na mbwa. Tajiri atalalamika kuwa anapoteza nafasi, mwambie ahesabu miezi 6 ya kuanza sifuri.

Daftari: kila mbwa ukurasa wake. Siku aliyoingia, chumba, jirani wa kushoto, jirani wa kulia, siku jirani alipobadilika. Asubuhi andika amekula au hajala, amekunywa au hajanywa, sauti ikoje. Usiandike "mzima" tu. Mbwa aliyemaliza bakuli jana na leo kaacha maji ana habari yake, na neno "mzima" linaificha.

Daktari wa Mabonde

Naunga mkono yote. Naongeza: makofuli mapya yajaribiwe kabla mbwa hajaingia, siyo baada. Na mkikamata mbwa, wawe watu wawili, mmoja ashike mlango tu, asishike kitu kingine.

Kijana wa Zamu

Nimeelewa. Swali la mwisho, nikiwa peke yangu zamu ya asubuhi, nianzie wapi?

Msimamizi wa Banda

Anza na waliokaa muda mrefu bila shida, hao ndio wasafi kuliko wote na ndio wenye cha kupoteza. Kisha walioingia karibuni. Mwisho kabisa yule wa kuangaliwa, na kwake usiingie, unasukuma chakula na maji kwa chini. Ukishafika kwake usirudi nyuma kwa sababu yoyote, hata kama umesahau kumpa mbwa mwingine maji. Nawa mikono mpaka kwenye viwiko, vua buti na ovaroli palepale kwenye ujia, ziloweke kwenye maji ya sabuni, ndipo urudi kwa huyo wa maji. Ufunguo wa chumba cha mwisho usikae kwenye bunda moja na funguo nyingine. Akae nao aliyechanjwa.